UZI: Kuongeza dozi ya dawa za kichocho, usubi na minyoo. Wapi mwili unavumilia, wapi hauvumilii, na wapi haisaidii

#1 Mwalimu_Pongwe

Habari zenu wana jukwaa. Kila kingatiba (ugawaji wa dawa kwa wote) ikikaribia, sisi walimu tunaoshika fimbo ya kupimia dozi tunaulizwa maswali yaleyale na wazazi. La kwanza: mtoto anayekojoa damu sana, kwa nini apewe vidonge sawa na mwenzake wa kimo hichohicho asiye na dalili? Si aongezewe? La pili: kama damu bado ipo wiki mbili baada ya kumeza, arudie dozi kubwa zaidi? Na la tatu, wapo wanaoona dawa ni kali mno, wanamkatia mtoto nusu kwa siri.

Naomba wanaozijua dawa hizi kwa undani waeleze kwa namba. "Fuata maelekezo ya daktari" tunalisema tayari, ila mzazi anataka kujua sababu.

#2 Mfamasia_Chumbageni

Mwalimu, swali zuri. Kila dawa ina nafasi yake kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru, na nafasi hizo hazilingani. Kwa hiyo nianze na ya kichocho peke yake.

Prazikwanteli ni kidonge cha miligramu 600. Dozi ya kichocho cha mkojo tulichonacho pwani hii, na ya kile cha tumbo cha Kanda ya Ziwa, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mkupuo mmoja. Mtoto wa kilo 30: 40 × 30 = 1,200, yaani vidonge viwili. Fimbo inafanya hesabu hiyo kwa kimo:

sm 94 hadi 110, kidonge 1
110 hadi 125, kimoja na nusu
125 hadi 138, viwili
138 hadi 150, viwili na nusu
150 hadi 160, vitatu
160 hadi 178, vinne
zaidi ya 178, vitano

Wengi hawajui kwamba fimbo imepangwa kwa kukubali kosa la uzito. Chukua watoto wawili wa sm 130, wote wanapata vidonge viwili. Mwembamba wa kilo 24 amepata miligramu 50 kwa kilo, mnene wa kilo 36 amepata 33. Mipaka inayokubalika ni 30 hadi 60. Kwa hiyo "dozi kubwa" mzazi anayoidai, baadhi ya watoto wembamba wanaikaribia tayari, bila madhara ya ziada yanayotisha. Na anayemkatia mwanawe nusu anamtoa kabisa kwenye mipaka: yule mnene anabaki na 16 au 17 kwa kilo. Minyoo inaguswa tu, haifi yote.

Sasa, je, 60 ni bora kuliko 40? Lilipimwa hasa. Utafiti uliotoka mwaka 2011, uliofanywa Tanzania, Brazil, Mauritania na Ufilipino, uliwagawa wagonjwa wa kichocho cha tumbo: wengine 40 kwa kilo, wengine 60. Waliopona walikuwa karibu sawa, zaidi ya tisa kati ya kumi pande zote mbili. Miligramu 60 zina matumizi yake kwa kichocho cha Asia ya Mashariki, ambacho ni mnyoo mwingine.

Kuhusu mtoto anayekojoa damu sana: mwenye minyoo mingi ndiye anayeumwa zaidi *baada* ya dawa, kwa sababu minyoo mingi inakufa kwa pamoja mwilini. Tumbo linasokota, kichwa kinauma, anatapika, na mwenye kichocho kikali cha tumbo anaweza kuharisha damu. Ukimwongezea dozi huyu, unamwongezea taabu bila kumwongezea tiba.

#3 Darubini_Muheza

Nijibu lile la damu baada ya wiki mbili, maana ndipo dawa inapolaumiwa bure.

Dawa hii inaua minyoo iliyokomaa. Minyoo michanga, ile iliyoingia mwilini wiki chache zilizopita, inaponea. Mtoto aliyeoga mtoni Jumamosi akameza dawa wiki mbili baadaye, ile ya Jumamosi itabaki hai hata ukimpa vidonge vingapi. Dozi ya pili inatolewa baada ya wiki 4 hadi 6, michanga ikishakomaa, na ni dozi ileile ya 40.

Pili, mayai. Yaliyokwisha kukwama kwenye ukuta wa kibofu yanaendelea kutoka kwa wiki kadhaa baada ya mnyoo kufa. Ukipima mapema unaona mayai chini ya darubini, unaandika "bado", na mtoto anapewa dozi nyingine asiyoihitaji. Pima hivi:

Chukua mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai yanatoka kwa wingi. Mtoto akimbie au aruke kidogo kabla ya kukojoa. Tikisa chupa, vuta mililita 10 kwa bomba la sindano, pitisha kwenye chujio, weka chujio juu ya kioo, hesabu mayai yote. Kuanzia 50 kwa mililita 10 ni maambukizi makali. Ukiwa na shaka kama yai ni hai, weka mashapo ya mkojo kwenye maji safi yasiyo na klorini, mwangani. Yai hai huanguliwa ndani ya saa chache na utaona kiluwiluwi kikiogelea kwa kasi, kinakwenda mstari ulionyooka kama mshale. Yai lililokufa linabaki pale pale, mara nyingi limekuwa jeusi ndani.

Kosa ninaloliona sana kwenye maabara ndogo ni kuacha chupa ikae bila kuitikisa. Mayai ni mazito, yanatuama. Ukivuta mkojo wa juu unapata sifuri.

#4 Mwalimu_Pongwe

Ahsanteni sana. Na chakula je? Wengine wanaleta watoto na njaa wakidhani dawa inafanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu.

#5 Mfamasia_Chumbageni

Kinyume chake, Mwalimu. Prazikwanteli inamezwa baada ya kula. Chakula kinasaidia dawa iingie vizuri mwilini, na kinapunguza kichefuchefu na kizunguzungu. Uji mzito na mhogo wa kuchemsha vinatosha. Morogoro mwaka 2008 kingatiba ya shuleni iliishia kwenye taharuki na vurugu za wazazi, na watoto kumeza dawa bila kushiba ni moja ya mambo yaliyotajwa baadaye. Tumbo tupu la watoto mia, kichefuchefu cha wakati mmoja, na habari inafika nyumbani kabla ya mtoto.

Jingine ambalo naliona zito kuliko dozi yenyewe: kukabwa. Kidonge ni kikubwa na ni kichungu, uchungu mwingi unatoka kwenye ile nusu ya kemikali isiyotibu. Mtoto mdogo anayelia usimshike pua ukamsukumia. Kivunje kwenye mistari yake, kipondwe kati ya vijiko viwili, changanya na uji au maji ya sukari, anywe ameketi. Akikataa, subiri atulie. Mtoto aliyepaliwa na kidonge yuko hatarini kuliko mtoto aliyekosa dawa ya kichocho kwa siku moja.

#6 Kijana_wa_Duga

Shikamooni wakubwa. Mimi nauliza kuhusu ivamektini, ile ya usubi na matende. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Kwale nchini Kenya, walipewa watu dozi kubwa ya kuua mbu na wakasema ni salama. Sasa kama ni salama, kwa nini huku tunapewa ndogo? Si wangetuongezea tumalize usubi mara moja kule Amani?

#7 Tabibu_Korogwe

Marahaba kijana. Umeshika jambo la kweli, ila vitu viwili vimechanganyika hapo.

Namba kwanza. Dozi ya usubi ni maikrogramu 150 hadi 200 kwa kilo. Kwa vidonge vya ivamektini (Mectizan) vya miligramu 3: sm 90 hadi 119 kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, kuanzia 159 vinne. Kwale walitoa maikrogramu 400 kwa kilo mara moja kwa mwezi, miezi mitatu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yakipungua kwa asilimia 26. Kabla yake, Kisumu, wagonjwa wa malaria walipewa 300 au 600 kwa kilo kwa siku tatu mfululizo pamoja na dawa ya malaria, na mbu waliokunywa damu yao waliendelea kufa hadi siku 28 baadaye. Ya 600 iliua mbu zaidi, lakini ya 300 ndiyo iliyovumilika vizuri zaidi. Na kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watu wazima wenye afya walimeza hadi miligramu 120 kwa mkupuo, takriban mara kumi ya dozi ya kawaida, wakiwa chini ya uangalizi, bila sumu ya ubongo kuonekana.

Kwa hiyo ndiyo, nafasi ya usalama ya ivamektini ni pana kwa mtu *mwenye afya, aliyepimwa*. Ila pale lengo lilikuwa mbu. Mbu anahitaji dawa nyingi ndani ya damu kwa siku nyingi. Kijimnyoo cha usubi, yaani kichanga anachozaa mnyoo mkubwa, kinakufa kwa kiasi kidogo kabisa.

Mnyoo mkubwa wa usubi aliye kwenye uvimbe chini ya ngozi, yeye hafi kwa dozi ile. Anaishi miaka 10 hadi 15, na dawa inamzuia tu kuzaa kwa miezi kadhaa. Kamerun walijaribu njia mbili: kuongeza dozi hadi 800 kwa kilo, na kurudia 150 kila miezi mitatu badala ya kila mwaka. Waliopewa 800 hawakupata faida ya ziada juu ya waliopewa 150 kwa ratiba ileile, na walilalamikia zaidi macho: kuona ukungu, kuona vibaya kwa muda. Iliyoua majike mengi zaidi ni kurudia mara kwa mara kwa dozi ya kawaida. Kwa hiyo kama Amani na milima yote ya Usambara inataka kuharakisha, cha kuomba ni mzunguko wa mara mbili kwa mwaka na watu wote kumeza. Vidonge vinane siku moja havitafanya kazi hiyo.

Sasa hatari iliyo dukani. Kingatiba inatumia kidonge cha miligramu 3. Madukani kuna cha 6 na cha 12. Mtu wa kilo 60 anakumbuka "mimi humeza vinne", ananunua vya 12, anameza vinne: miligramu 48, maikrogramu 800 kwa kilo, bila kujua. Akimeza na wali wa nazi na samaki wa kukaanga inaongezeka tena, kwa sababu mlo wa mafuta mengi unaweza kupandisha kiasi kinachoingia damuni zaidi ya mara mbili. Soma namba kwenye pakiti kila mara, acha kuhesabu vidonge kwa mazoea.

#8 Mifugo_Handeni

Tabibu ameeleza vizuri. Niongeze la upande wetu maana watu wanalifanya kimyakimya.

Ivamektini ya ng'ombe ni asilimia 1, yaani miligramu 10 ndani ya kila mililita. Ng'ombe anachomwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Chupa ya mililita 50 ina miligramu 500, zaidi ya dozi 40 za mtu mzima. Mtu wa kilo 60 angehitaji mililita 1.2 tu, na bomba la sindano la ng'ombe ni la mililita 10 au 20, mistari yake ni mipana. Kuteleza kidogo kwa kidole kunamfikisha mtu kwenye dozi mara tano. Isitoshe imeyeyushwa kwenye vimiminika vilivyokusudiwa kuchomwa chini ya ngozi ya mnyama, havikupimwa kwa kunywewa na mtu.

Anayezidisha anaanza na usingizi mzito, anapepesuka kama mlevi, mboni zinapanuka, presha inashuka, kisha degedege na kupoteza fahamu. Ukimkuta hivyo usimtapishe. Mlaze kwa ubavu, chukua chupa aliyotumia, mkimbize hospitali. Hakuna dawa ya kuondoa sumu hii, anasaidiwa kupumua na presha yake inashikiliwa hadi dawa ipungue mwilini.

Mbwa aina ya collie wanakufa kwa kiasi kidogo sana cha dawa hii, kwa sababu jeni ya pampu inayoirudisha dawa nje ya ubongo ina hitilafu. Kwa binadamu ni nadra sana lakini ipo: mwaka 2020 iliripotiwa kitabibu habari ya mtoto wa miaka 13 aliyepoteza fahamu kwa dozi ya kawaida tu, alikuwa amerithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama. Alipona. Ndiyo maana hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia kuwa mara tano "haina shida".

#9 Mama_Makorora

Na upele wa kuwasha jamani? Watoto wa madrasa wameambukizana, duka moja linasema dozi moja, jingine linasema mbili kwa siku moja ili ukatike.

#10 Tabibu_Korogwe

Dada, mbili ni sahihi ila si siku moja. Ivamektini haiui mayai ya upele. Dozi ya maikrogramu 200 kwa kilo leo, dozi ileile baada ya siku 7 hadi 14, mayai yakishaanguliwa. Ukizimeza zote leo, yanaanguliwa wiki ijayo hayakuti dawa. Wote mnaolala nyumba moja mtibiwe siku moja, shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Aliye chini ya kilo 15 au sm 90 na mjamzito hawamezi ivamektini, wanapakwa dawa ya ngozi: permetrini, au mafuta ya salfa kwa mtoto mchanga. Hata ule upele mkali wa magamba manene, unatibiwa kwa dozi hiyohiyo mara tatu, tano au hadi saba kwa siku zilizopangwa.

#11 Mfamasia_Chumbageni

Albendazoli inanipa wasiwasi zaidi kuliko hizo mbili, kwa sababu watu wanaiona kama pipi.

Miligramu 400 mara moja, au 200 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, ni salama mno kwa sababu sehemu kubwa inabaki utumboni pale minyoo ilipo. Safura na minyoo mikubwa ya mviringo inaondoka vizuri. Minyoo mjeledi haiondoki vizuri, na hapo ndipo watu wanaongeza 400 ya pili, ya tatu. Kuzidisha albendazoli kwa minyoo mjeledi kunaleta nafuu ndogo. Kinachosaidia ni kuiunganisha na ivamektini, na majaribio mengi ya jambo hili yamefanyika Pemba, jirani zetu hapo.

Ukiitumia kwa wiki nyingi, kama wanavyotibiwa wenye vifuko vya minyoo kwenye ini (400 mara mbili kwa siku, siku 28, kisha mapumziko siku 14), inakuwa kama dawa nyingine kabisa. Hapo inaamriwa imezwe na mlo wa mafuta ili iingie damuni hadi mara tano zaidi. Ikishaingia hivyo inaweza kuchubua ini, kushusha chembe nyeupe za damu, kunyonyoa nywele. Ndiyo sababu mgonjwa anapimwa damu na ini kila wiki mbili. Anayejinunulia "dozi ya mwezi ya kusafisha tumbo" anapata hatari yote hiyo bila kipimo hata kimoja. Na mama aliye kwenye miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito asiimeze.

#12 Mgawadawa_Amani

Wataalamu mmesema yote ya vidonge, mimi niseme ya baada ya vidonge. Siku ya kwanza hadi ya tatu mtu mwenye vijiminyoo vingi anawashwa, anavimba uso au tezi, ana homa, viungo vinauma. Mwanamume mwenye minyoo ya matende anaweza kuumwa korodani. Hapo ndipo kijiji kinasema "dozi ilizidi". Haikuzidi. Vijiminyoo vinakufa na mwili unapambana na mabaki yake. Paracetamol, dawa ya mzio, apumzike. Mwaka unaofuata inakuwa nyepesi kwa sababu vimepungua.

Akizimia anaposimama, mlaze chali, inua miguu juu ya mto au gunia. Akikosa pumzi, akichanganyikiwa, au akitoka malengelenge na vidonda mdomoni, hospitali bila kusubiri, na ijazwe fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Fomu ikijazwa ndipo tatizo la kweli linaonekana juu kabisa.

#13 Tabibu_Korogwe

Umesema kweli Mgawadawa. Kuna mahali ambapo hata dozi ya kawaida ni kubwa mno, na wanaosafiri wajue.

Afrika ya Kati, kama Kamerun na Kongo, kuna mnyoo wa macho, Loa loa. Mwenye vijiminyoo vyake zaidi ya 30,000 kwa mililita ya damu akimeza ivamektini, hata kidogo, ubongo unaweza kuvurugika akapoteza fahamu. Kwetu Tanzania mnyoo huyu hayupo, ndiyo maana hapa hatupimi damu kabla ya kugawa. Aliyeishi huko miaka mingi aseme kabla ya kumeza.

Pili, tegu wa nguruwe. Aliye na vifuko vyake kwenye ubongo, prazikwanteli inaviua na uvimbe unaweza kuleta kifafa. Kwenye jicho ni marufuku kabisa. Mwenye kifafa kisichojulikana chanzo, hasa aliyekulia maeneo ya nguruwe wanaozurura, apelekwe hospitali na asimezeshwe kwenye foleni.

Tatu, mgonjwa wa kifua kikuu. Rifampisini inaivunja prazikwanteli hadi inakaribia kutoweka damuni. Hapa mtu anashawishika kweli kuongeza dozi mara mbili. Usifanye hivyo, hailipi pengo na huwezi kujua imebaki kiasi gani. Kichocho kinasubiri: atibiwe wiki 4 baada ya kumaliza rifampisini. Kama hakisubiri, uamuzi ni wa daktari anayemtibu kifua.

Nne, kwa nini hapa hatupewi DEC, dawa nyingine ya matende, kama nchi nyingine zenye matende: kwa sababu tuna usubi. DEC kwa mwenye usubi huwasha moto ngozi na macho, inaweza kumharibia kuona.

#14 Mwalimu_Pongwe

Nimeyaandika yote. La mwisho: mtoto aliyetapika baada ya kumeza, arudie?

#15 Mfamasia_Chumbageni

Angalia matapishi. Akitapika papo hapo na vidonge vinaonekana, mwache atulie, ale kidogo, kisha rudia dozi nzima mara moja tu. Ikiwa imepita saa nzima, usirudie, nyingi imekwisha kuingia. Kati ya hapo kukiwa na shaka, jina lake liandikwe, apimwe mkojo baada ya wiki 6 kama Darubini alivyoeleza. Na watoto wote wakae kivulini kwa saa mbili hivi baada ya kumeza. Wanaotapika mara nyingi ni wale waliomezeshwa kisha wakasimamishwa juani kwenye mstari.